Mume Aliyepiga Hodi Nyumbani Kwake

Chuoni, Dar es Salaam
12 Oktoba 1986

Shangazi yangu mpenzi, Bi Mwanakhamis,

Shikamoo. Ukiniuliza hali, mie mzima, isipokuwa tumbo, ambalo limechoka kuonana na maharage na linaulizia samaki wako wa kupaka. Wewe je? Mguu umepona? Na eda inakwendaje? Najua kukaa ndani kwa mtu kama wewe, uliyekuwa ukizunguka mtaa mzima kabla ya saa nne, ni kazi kuliko kulima. Mie bado sijazoea kuandika barua ya nyumbani bila kumsalimu mumeo Massoud, niliyezoea kumwita Baba Massoud. Aliyenilea hakuwa mwingine. Mungu amrehemu.

Kile kipande cha sabuni ulichonitumia kimenipa cheo hapa bwenini. Wanaokuja kuniomba wananiita Mheshimiwa na bado sijawa wakili.

Sasa jambo lenyewe. Nimechaguliwa kuingia kwenye mashindano ya mahakama ya mazoezi. Ni hivi: walimu wetu wanatunga kesi ya watu wasiokuwepo, katika nchi isiyokuwepo, na sisi wanafunzi tunasimama kuigombania kana kwamba dunia itapasuka tukishindwa. Walimu wenyewe ndio majaji. Mwenzangu ni binti mmoja wa Rombo, anaitwa Praxeda, ana sauti ya kumwamsha mfu. Majoho ya kiwakili hatuna, ameazima ya kwaya ya kanisani kwao. Kwa hiyo mimi Mundhir, niliyehitimu Kurani kwa Maalim Haji, nitatetea sheria nikiwa nimevaa joho la waimbaji.

Kesi inamhusu mjane mmoja asiye na mtoto, Bi Zena wa nchi ya Kandoya. Anasema mumewe alimpa nyumba, hiba, wakati yu hai. Ndugu wa mume anasema hakukuwa na hiba yoyote, nyumba ni mirathi igawanywe. Nimepangiwa upande mmoja wa kesi hii na nataka kushinda. Nawe nyumba yako uliipata hivyo hivyo kwa Baba Massoud. Hebu niandikie: alisema nini, nani alikuwepo, na mtu akitaka kuipinga hiba kama hiyo ataishikia wapi. Usinifiche kitu, wakili ni kama daktari.

Niombee dua.

Mwanao,
Mundhir


Ngamiani, Tanga
9 Novemba 1986

Mwanangu Mundhir,

Marahaba. Na salaam alaykum uliyosahau kuitoa naijibu vile vile. Mguu mzima. Eda imekwisha, nimetoka, na pa kwanza nilipokwenda ni kwenye foleni ya sukari. Haja ya sukari sikuwa nayo, nilikuwa na haja ya watu. Watu niliwakuta wote. Sukari ndiyo haikuja.

Mji umebadilika, mwanangu. Nguo za kafa ulaya, mitumba ya wazungu, zimejaa sokoni, sasa kila mtu Ngamiani ana koti la baridi, na jua ni lile lile. Jirani yangu Mwalimu Asheri, yule mzee wa Kilutheri aliyehamia hapa kutoka Maramba alipostaafu, amenunua moja lina manyoya shingoni. Analivaa Jumapili kwenda kanisani na anarudi amelowa. Anakusalimu.

Siku ya pili tu baada ya kutoka edani alikuja shemeji yangu Yakoub, mdogo wake marehemu. Tangu waruhusu watu kuleta bidhaa kutoka nje, Yakoub si yule tena. Ana duka: sabuni, betri, radio za kaseti. Akaketi, akatazama dari, akatazama madirisha, akaniuliza kama ukumbi huu ungekuwa duka, mlango ungekaa wapi. Nikamwambia mlango unakaa pale pale ulipo, tena unafaa sana kutokea. Basi, tusimseme.

Haya, hiba. Marehemu alinipa nyumba hii mwaka wa vita vya Kagera, alipoona watu wanaondoka na hawarudi. Aliogopa ndugu zake wasije wakanitoa nje. Alisema mbele ya Maalim Haji na watu wawili. Maalim amekufa. Mmoja alivuka kurudi Pemba na hajulikani alipo. Mwingine amezeeka, akimaliza kuswali anauliza ameswali nini. Karatasi hatukuandika. Na marehemu hakuhama, angehamia wapi? Tumekaa pamoja mpaka Mungu alipomchukua. Mtu mbaya angeshikia hapo hapo.

Lakini kuna hodi, unaikumbuka. Maalim alimwambia, anayetoa kitu sharti kimtoke mkononi. Basi marehemu akaona njia ya kuitoa nyumba mkononi na asimtoke mkewe ni kupiga hodi. Mwanamume mzima na kofia yake, amesimama kwenye baraza la nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, "Hodi!" Na haingii mpaka niseme karibu. Nikiwa uani na moshi wa kuni asingeingia, angengoja. Mtaa wote ulimcheka, wakamwita Mgeni. Na wewe, mtukutu, ulikuwa ukimwigiza kwa wenzako.

Huyo Bi Zena najua hayupo. Hata hivyo juzi tumemsomea dua, mie na wanawake wa mtaani. Dua haipotei, ikimkosa yeye itamfikia mjane mwingine. Mtetee, mwanangu. Mtetee kama ungenitetea mie.

Shangazi yako,
Mwanakhamis


Chuoni, Dar es Salaam
14 Desemba 1986

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na asalaam alaykum mara mbili, moja ya leo na moja ya deni. Mie sijambo, tena sijambo sana! Barua yako ilinisaidia kuliko maktaba nzima.

TUMESHINDA. Nilisema kwa muda niliopewa na nikaongezewa. Jaji mmoja alitikisa kichwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Wa pili aliandika. Wa tatu alisinzia, lakini Praxeda anasema hata kusinzia kwake kulikuwa kwa kukubali. Nimepewa kombe. Ni la bati, ila ukilisugua kwa majivu halina tofauti na fedha. Tena si hilo tu: mwezi wa tatu tunakwenda Nairobi kushindana na vyuo vingine! Wakubwa wa sheria watakuwepo. Mtu akionekana pale, ameonekana.

Nakuletea kaseti ya hotuba yangu, imerekodiwa ukumbini. Nimempa Timotheo, utingo wa basi, atakufikishia mkononi. Isikilizeni mtaa mzima. Ni Kiingereza cha sheria, kwa hiyo msijisumbue na maneno, sikilizeni sauti tu inavyopanda na kushuka.

Utaniuliza habari za Bi Zena. Kesi yake ilikwenda vizuri.

Mwanao,
Mundhir


Ngamiani, Tanga
4 Januari 1987

Mundhir,

Marahaba. Habari za nyumbani leo ni moja tu.

Kaseti nimeipata. Mie radio ya kaseti sina, na wewe unajua sina. Nikamwomba nani? Yakoub, si ndiye mwenye duka. Akaja nayo mpya, kubwa kama sanduku la bibi harusi, nailoni haijatolewa. Nikakaanga visheti, nikatandika mikeka, baraza likajaa mpaka barabarani. Nikawaambia, kaeni kimya, mwanangu anamtetea mjane.

Ukaanza. Wallahi nililia. Sauti ilikuwa ya marehemu kabisa, alipokuwa akiadhini. Kila ulipopanda, wanawake walipiga vigelegele. Ulipopiga meza, mie nilisimama.

Nikamtazama Mwalimu Asheri, naye anatazama viatu vyake.

"Mwalimu, mbona hutufasirii?"

"Anazungumza vizuri sana, Bi Mwanakhamis."

"Anasemaje?"

"Vizuri sana. Nyakati za vitenzi zote sawasawa."

Yakoub akasema, "Fasiri, Mwalimu, na sisi tufaidike."

Basi akafasiri, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Anasema mjane hana chake. Anasema mume akitoa nyumba na akaendelea kulala humo humo, hajatoa kitu, amesema maneno ya mapenzi tu, na maneno ya mapenzi hayahamishi nyumba. Anasema mashahidi wa mjane ni watatu, mmoja maiti, mmoja mtoro, mmoja msahaulifu. Hapo nikawajua. Ni wangu wale, mwanangu. Nimekupa mwenyewe kwa kalamu yangu. Na kigelegele cha mwisho, Mundhir, nilikipiga mie.

Yakoub hakucheka. Alifuta macho kwa furaha, akasema kijana ana akili huyu, elimu haina mwisho. Akaiweka radio yake kwapani akaenda zake. Kaseti imo ndani.

Siku ya pili Mwalimu alinikumbushia hotuba yako neno kwa neno, maana nilimbana. Nikamuuliza hodi umeiweka wapi. Akasema haimo.

Mie nimevua nguo za msiba juzi juzi, na wewe umevaa joho la kwaya kuja kunifukuza.

Mwanakhamis


Chuoni, Dar es Salaam
25 Januari 1987

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mguu hausumbui. Nimesoma barua yako na naomba kujibu kwa utaratibu.

Kwanza, upande sikuuchagua mimi. Tulichota vipande vya karatasi kwenye kofia. Ningechota kingine ningekuwa wakili wa mjane, na Mungu anajua ningelia mbele ya majaji. Pili, ndiyo kazi yetu. Mwanasheria hufunzwa kusimama upande wowote anaowekwa, leo huku, kesho kule. Tukikubali kusema upande tunaoupenda tu, nani atamsemea mbaya? Tatu, hodi haikuwemo katika maelezo ya kesi tuliyopewa, na kanuni za mashindano zinakataza kuongeza jambo ambalo halimo.

Nne, Bi Zena hayupo. Hakuna mtu aliyeumia.

Nairobi ni tarehe 18 mwezi wa tatu. Fundi ananipunguzia koti la kafa ulaya, mwenyewe wa kwanza alikuwa jitu. Mlezi wetu wa mashindano anasema nikifanya kama nilivyofanya Desemba, njia yangu imenyooka.

Usinikasirikie, Shangazi. Kaseti ni kaseti tu.

Mwanao,
Mundhir


Ngamiani, Tanga
22 Februari 1987

Mwanangu Mundhir,

Marahaba. Mguu hausumbui, ahsante. Mvua bado. Mwalimu Asheri ameliuza lile koti na amepona kikohozi.

Nimesoma mambo yako manne. Mie nina moja. Unasema kanuni zinakataza kuongeza jambo ambalo halimo. Mbona mashahidi wangu uliwaongeza? Maiti wangu aliingia, mtoro wangu aliingia, msahaulifu wangu aliingia, wote walipata nafasi kwenye kesi yako. Hodi peke yake ndiyo ilikosa pa kukaa.

Haya. Yakoub amefungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Anataka nyumba igawanywe kama mirathi. Mie mjane bila mtoto nina robo, na yeye kwa huruma yake amenichagulia chumba, kile kinachovuja. Ukumbi unakuwa duka. Nikikataa chumba, nitakwenda Maramba kwa binamu yangu. Kule wananipenda, na wana nafasi karibu na mbuzi.

Nilimuuliza Yakoub ameyapata wapi maneno ya kisheria, maana darasa la nne alilirudia. Akasema, "Nasikiliza kaseti ya mwanao kila usiku, shemeji. Nimeshaihifadhi." Mwalimu alimfasiria mara ile moja na ikamtosha.

Nimezunguka kutafuta mashahidi wa hodi. Si mtaa mzima ulimcheka? Lakini sasa sabuni iko kwa Yakoub, betri kwa Yakoub, na sukari ikionekana inaonekana kwa Yakoub. Nimemuuliza jirani wa kulia, unamkumbuka Mgeni? Akaniambia, "Mgeni yupi, Bi Mwanakhamis? Mjini wageni wengi." Sabuni hiyo kali, imesafisha nguo ikasafisha na vichwa. Mwalimu Asheri angesimama, lakini yeye alihamia hapa marehemu ameshalala kitandani, hakuisikia.

Mahakama ile wanasema mawakili hawaruhusiwi. Nilipoambiwa nilisema alhamdulillahi.

Shauri ni tarehe 18 mwezi wa tatu. Nakuandikia ujue tu, sikuiti. Najua siku hiyo una kazi, na njia yako imenyooka.

Shangazi yako,
Mwanakhamis


Chuoni, Dar es Salaam
8 Machi 1987

Shangazi,

Shikamoo. Nakuja. Mashindano ya Nairobi yameahirishwa, hawajasema mpaka lini, kwa hiyo nina nafasi. Wala usifikiri kuna jambo.

Joho sileti.

Mundhir


Ngamiani, Tanga
5 Aprili 1987

Mwanangu Mundhir, kipenzi changu,

Marahaba, marahaba, na salamu zako zote za nyuma na za mbele nimezipokea. Mvua imenyesha, chumba kinachovuja kimevuja, na ndoo ni yangu, na chumba ni changu, na maji yenyewe nayaita yangu. Hukumu imetoka juzi. Hiba imekubaliwa. Yakoub ametoka mahakamani bila kuaga, na kesho yake bei ya sabuni ilipanda.

Uliondoka na basi la alfajiri tukiwa hatujazungumza, wewe ukiona haya na mie nikiona kitu kingine. Kwa hiyo nakuandikia ya siku ile, ingawa ulikuwepo. Najua hukuona nusu yake.

Ulipoitwa ulikwenda na koti lako la jitu, ukaanza, "Mheshimiwa Hakimu, kwa unyenyekevu mkubwa nasimama mbele ya mahakama hii tukufu nikiwa na hoja tatu." Nikasema moyoni, tumekwisha. Hakimu alikuwa akijipepea kwa jalada. Akakwambia, "Kijana, hapa hakuna kombe. Wewe shahidi. Ulisikia nini?"

Nilikuona unatafuta maneno. Wewe! Ukasema, "Hodi." Wala hukuongeza.

Yakoub akaomba radio yake isikilizwe. Akaiwasha. Ulianza vizuri, ukapanda, halafu betri zikaanza kufa, betri za dukani kwake mwenyewe, na sauti yako ikawa nzito na ya polepole kama ya ng'ombe mgonjwa. Mahakama nzima ilicheka. Mmoja wa wale wazee wa baraza wanaokaa na hakimu, mwenye ndevu, hakucheka. Akauliza huyu wa kwenye radio na huyu aliyesimama si mtu mmoja? Basi mmoja wao mwongo. Nawe ukamjibu, "Yule wa kwenye radio alisoma kesi, mzee wangu. Mie nilikuwepo." Jibu hilo nimelirudia kwa watu mpaka jirani wa kulia amekumbuka Mgeni ni nani, tena anadai alikuwa rafiki yake.

Lakini, mwanangu, hakimu alipokuuliza kama marehemu aliendelea kupiga hodi mpaka mwisho, ukasema lile jambo. Hujapata kuniambia. Kwamba siku alipotoka hospitali mlimbeba na kitanda, nanyi mlipofika barazani akakwambieni msimame. Kwamba sauti haikutoka, akagonga mlango kwa kucha. Kwamba mie nilikuwa uani nawasha moto wa uji, sikusikia, na yeye akakataa kuingizwa, jua limewaka, wanaume wanne mmeshika kitanda. Mpaka wewe ukasema "Karibu" kwa sauti nyembamba, ukiniigiza mie, ndipo akakubali kupita.

Hakimu aliandika. Mie sikuweza kutazama mtu. Umenishindia nyumba, mwanangu, na umeniliza kuliko kaseti. Miezi yote hii nilidhani aliingia siku ile bila hodi kwa sababu alikuwa amezidiwa. Kumbe mie ndiye sikuitika.

Nilikasirika nawe, na nilikuwa na haki. Sasa sina hasira. Nakupenda, ulijue hilo kwa maandishi, usije ukasema halimo katika maelezo ya kesi.

Jambo jingine. Mwalimu Asheri hunisomea gazeti Ijumaa. Limeandika habari za mashindano ya Nairobi, ya tarehe 18, na picha ipo. Praxeda amesimama katikati na kombe, si la bati lile. Pembeni yake kuna kijana simjui, amevaa joho lililomzidi urefu. Naona liliazimwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Sikuulizi kitu. Umesema yaliahirishwa, basi yaliahirishwa.

Likizo njoo. Samaki wa kupaka yupo, na sukari kidogo nimeficha. Ila ukifika mlangoni usiingie tu kama ulivyozoea. Simama barazani, piga hodi. Nitakaa ukumbini, jiko nitamlipa mtoto wa jirani aliangalie. Safari hii nitasikia.

Shangazi yako,
Mwanakhamis